Umeme mdogo na birika la chai

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza chai na vitafunwa nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro. Birika langu la umeme limeandikwa 230V, 2000W. Kuanzia saa moja jioni umeme unakuja mdogo. Fundi alipopima kwenye soketi birika likiwa linachemsha alikuta volti 180. Akaniambia umeme ukiwa mdogo birika huvuta ampea nyingi zaidi, ndiyo maana uniti za LUKU zinakwisha haraka. Mwanangu wa kidato cha tatu naye kagawanya 2000 kwa 180, kapata ampea 11.1, anasema fundi kasema kweli. Nimwamini nani?
Muuza chai, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao anaijua kanuni: wati ni volti mara ampea. Tatizo ni ile 2000 aliyoitumia. Wati zilizoandikwa chini ya birika ni za volti 230 tu. Volti zikishuka, nazo zinashuka. Kinachobaki karibu vilevile ni ukinzani wa koili, yaani kiasi koili inavyozuia umeme kupita (hupimwa kwa omu), maana waya ni uleule, kwa urefu na unene uleule. Hesabu ianzie hapo.

Aandike hivi daftarini. 2000 gawanya kwa 230 ni ampea 8.7. Volti 230 gawanya kwa ampea 8.7, ukinzani ni kama omu 26.4. Sasa achukue volti 180 za jioni, agawanye kwa omu 26.4: ampea 6.8. Zimepungua! Na 180 mara 6.8 ni wati 1,224. Volti zimeshuka kwa karibu moja ya tano, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 40, kwa sababu volti zikishuka huushusha na mkondo, yaani ampea.

Ndiyo maana wateja wako wanasubiri. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 25, ambayo kwa wati 2000 ingechemka kwa dakika nne hivi, jioni inataka zaidi ya sita. Uniti zinazoliwa na maji hayo ni kama 0.13 kwa vyovyote. Muda ukirefuka, kinachoongezeka ni kidogo tu: joto linalotoroka.

Fundi wako hakubuni maneno hayo. Kwenye friji ni kweli: mota ya kompresa ina mzigo wa kusukuma, volti zikipungua huvuta ampea zaidi na kupata moto hadi kuungua. Kama unayo friji, ichomoe saa hizo.

Ila mimi nina wasiwasi na kitu kingine, na nakuomba usikipuuze. Mwite fundi apime tena jioni, birika likichemsha, kwenye mita ya LUKU na kwenye soketi. Tuseme mita inaonyesha 212 na soketi 180. Volti 32 zimepotelea kwenye nyaya za nyumba yako. Zidisha kwa ampea 6.8: wati 218 zinapasha moto waya au kiungio kilicholegea ndani ya ukuta, na umezilipia. Hapo malalamiko yako ya uniti yana msingi, na hatari ya moto ni kubwa. Akikuta hivyo, soketi hiyo isitumike mpaka afungue viungio vyote na kubadilisha waya mwembamba. Zote mbili zikisoma 180, basi tatizo liko kwenye laini ya mtaa. Peleka taarifa TANESCO ukitaja saa na volti alizopima.