Moshi mweusi kwenye Hilux ya esansi: anzia kwenye termostati

Ndugu mmoja anayeshusha viazi Goma kutoka Masisi ameniandikia: Hilux yake ya injini ya 22R-E (ya injekta, si ya kabureta) inanuka esansi, inatoa moshi mweusi kuanzia asubuhi hadi jioni, buji zimejaa masizi makavu. Amekwisha kununua injekta nne mitumba kule Birere, mtaa wa biashara wa Goma. Moshi haujaondoka.

Kabla hujatoa pesa nyingine, ndugu yangu, muulize fundi wako termostati iko wapi, yaani kile kilango kinachozuia maji yasipite kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Katika gari nyingi za hapa ilitolewa zamani na kutupwa, eti injini isichemke. Tabia hii inaniuma kwa sababu inaua injini nzima-nzima. Kompyuta inayoongoza injekta huongeza esansi injini ikiwa baridi, kama choki ya kabureta. Ukitoa termostati, maji yanazunguka kwenye radieta muda wote, na kwa ubaridi wa Goma injini inaweza kumaliza safari bila kupata joto lake. Kompyuta nayo inaendelea kumwaga esansi. Ikiwa gari linachemka, tafuta radieta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka.

Nunua ya nyuzi 82 na uipime kabla ya kuifunga. Iweke kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula, pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na 82, na kufikia 95 iwe wazi milimita 8 au zaidi. Huku kwetu, mita 1,500 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye 95 hivi, kwa hiyo isipofunguka sufuria ikitokota, irudishe dukani.

Sufuria hiyohiyo ipimie sonde ya joto la maji, ile inayoiambia kompyuta injini ina joto gani; mita ya umeme isome omu zake. Chukua ile ya waya mbili. Ya waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi tu. Kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye 80 isome 200 hadi 400. Halafu tazama plagi yake, kwa maana hapo ndipo mafundi wengi wanapotea. Waya ukikatika kabisa, kompyuta inatambua, inawasha taa na kujichukulia kwamba injini ina joto. Lakini plagi yenye kutu ya kijani ikiongeza omu 1,700 juu ya 300, kompyuta inasoma 2,000 na kuamini injini ndiyo kwanza imeamka. Taa haiwaki. Kwangua kutu hadi shaba ing'ae.

Joto likiwa sawa, chomoa mpira mwembamba wa regileta ya esansi. Ukiukuta umelowa esansi, kiwambo cha ndani kimepasuka: badilisha regileta. Kisha injekta ya kuwashia asubuhi, ile ya tano. Ifungue kwenye manifoldi bila kukata bomba lake, unganisha matundu yaliyoandikwa Fp na +B kwenye kisanduku cha uchunguzi ili pampu ya esansi izunguke, washa kontakti, kinga kikopo chini. Isitoe zaidi ya tone moja kwa dakika. Wakati huo mbabula iwe imezimwa na iko mbali, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara.

Kupuliza filta ya hewa hakuponyi moshi huu. Kwenye kabureta, filta iliyoziba huongeza esansi. Kwenye injini hii ya injekta kipima hewa kiko nyuma ya filta, kwa hiyo kinahesabu ile hewa kidogo iliyopita, na gari linakosa nguvu tu. Mwinuko wetu nao huongeza esansi kidogo, maana kipima hewa cha klape hakijui vizuri kwamba hewa ni nyepesi, lakini hauwezi kuleta moshi mzito. Tafadhali usikubali mtu afungue kifuniko cheusi cha kipima hewa na kuzungusha gurudumu lenye meno. Hiyo spring ikisogezwa, ugonjwa wa kwanza unafichwa na wa pili unazaliwa.

Ukimaliza, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa injekta), ya ampea 15, kwa sekunde kumi au zaidi ili kompyuta isahau makosa ya zamani. Safisha buji. Vuta kijiti cha oili ukinuse: kikinuka esansi, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, imwage yote na ubadilishe filta yake siku hiyohiyo, kabla ya kurudi kupanda na mzigo.