MD na MBChB ni ngazi moja
Mdogo wangu, umeuliza kama MD (Doctor of Medicine) ya Bongo inaizidi MBChB ya Kenya au MBBS ya India. Hapana, haizizidi, zote ni digrii ya kwanza ya udaktari. Hizo herufi MBBS na MBChB zimetoka kwenye Kilatini, maana yake shahada ya utabibu na upasuaji, mfumo wa Waingereza huo. Tofauti ni miaka tu, Muhimbili MD ni mitano, Nairobi MBChB ni sita, Makerere mitano, halafu kote unapiga intanishipu, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, mwaka mmoja ndo upate leseni kamili.

Mi nimefanya intanishipu na wenzangu waliosoma MBBS nje, tulikuwa kwenye rota moja, usiku wa manane akiletwa mama anayetoka damu leba hakuna anayeuliza cheti chako kimeandikwaje, unatafuta mshipa unaweka dripu unampigia bingwa.

Inayochanganya watu ni MD ya Marekani, kule unaanza na digrii nyingine kwanza ndo unaingia miaka minne ya udaktari, na DO yao (Doctor of Osteopathic Medicine) nayo ni daktari kamili anaandika dawa na kupasua kama kawa. Ubingwa ni kitu kingine, hapo unarudi kusoma MMed, digrii ya uzamili ya udaktari.

Ila kama unaenda nje, kabla hujalipa ada hata shilingi hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na Baraza la Madaktari Tanganyika, maana nimeona mtu karudi na cheti akahangaika nacho sana.