Sikukuu tulizozitumia kuhani

Swali lenu la juma hili linatutaka sisi wazee tueleze tulivyosherehekea Krismasi na Mwaka Mpya baada ya mwaka mzima wa korona. Katika nyumba yetu hapa Dodoma sherehe ilikuwa ndogo, kwa sababu siku nyingi za mapumziko hayo mimi na mke wangu tulizitumia kwenda kuhani.

Tangu mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na shule kufungwa siku iliyofuata, watoto wetu walitukataza mikusanyiko, na kwa kuwa mwenzangu ana kisukari nami nimekwisha kuvuka miaka sabini, tulitii. Nyungu tulijifukiza, malimao na tangawizi tulinunua kwa bei ambayo sipendi kuikumbuka, na barazani pakawekwa ndoo ya maji yenye koki. Hayo kila nyumba inayajua. Kilichotuelemea ni misiba. Ndugu na marafiki walifariki, wengine kwa maradhi ya kawaida kabisa ya uzee, nasi tukawa watu wa kutuma rambirambi kwa simu. Hata shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, na mabasi kujaa kama zamani, sisi tuliendelea kujifungia hadi Desemba, jambo ambalo majirani waliliona ni woga.

Watoto waliposema wanakuja kula sikukuu nasi, mke wangu aliwaomba, badala ya zawadi, watupeleke vijijini kwa gari. Safari za namna hiyo si nyepesi wakati huo wa mwaka. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, kwa hiyo mgeni huwakuta wenyeji shambani wakipanda mtama na uwele, na korongo ambalo jana lilikuwa mchanga mtupu huweza kujaa maji na kumzuia njiani.

Tulianzia Kongwa, tukiiacha barabara ya Morogoro pale Mbande, kwa mjane wa rafiki yangu niliyefundisha naye. Alitoka shambani, akanawa tope, akatukaribisha ndani. Nilipompigia simu wakati wa msiba aliniambia tu kwamba mzee amelala na tumshukuru Mungu. Safari hii alitusimulia yote, tangu homa ya kwanza hadi usiku wa mwisho, huku mke wangu akilia na yeye mwenyewe akiwa mkavu wa macho. Kisha akasema, "Shemeji, mkono wenu wa pole ulifika siku ile ile, ndio tulionunulia sukari na unga," akamtuma mjukuu alete daftari la rambirambi. Lilikuwa daftari la shule, limeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, na mbele ya jina langu, baada ya kiasi cha fedha, paliandikwa "simu". Majina mengi ya ukurasa ule yalikuwa na neno hilo hilo.

Juu ya daftari hilo tumebishana na mke wangu hadi leo. Yeye anasema kwamba fedha ile ililisha waombolezaji, na kwamba mfiwa hali machozi ya wageni. Mimi sikubaliani naye. Naona vijana wetu wanaligeuza jambo la dharura la mwaka ule kuwa desturi, wakituma fedha hata pale ambapo msiba uko mtaa wa pili, nami sidhani kwamba mjane yule angemweleza mtu yeyote habari za usiku ule kwa simu. (Mke wangu amesoma aya hii na ameniagiza niandike kwamba hata yeye alifurahi kwenda.)

Tumebakiza nyumba moja upande wa Bahi, ambako maji yalikata njia siku mbili kabla ya watoto kurejea kazini. Tumekwisha kuwaarifu wenyeji kwamba tutafika baada ya mavuno.