Kabla hujamruhusu fundi atoe thamostati

Juzi niko kwenye foleni Ubungo, ukaingia ujumbe wa msomaji wa Mbeya: "Kaka, Prado yangu ya injini ya 1KZ inachemsha nikipanda mlima na AC. Fundi anasema atoe thamostati injini ipumue. Nimruhusu?"

Jasho lilinitoka. Thamostati ni ile vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto. Neno hilohilo, "ipumue", niliwahi kuambiwa kwenye gereji moja hapa Dar, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa aongezewe sukari.

Najua kwa nini unaipenda Prado ya zamani. Mimi na wewe ni walewale: tunataka kuingia kijijini Desemba gari limejaa, watoto wa jirani wanakimbia nyuma. Yangu ni ya lita 3, dizeli, ina turbo, na kwa miaka mitatu nilimfundisha kila mtu habari za magari huku kwenye rejeta naweka maji ya bomba. Ndiyo, mimi huyu. Kulanti, ile dawa ya kupozea injini inayowekwa kwenye rejeta, niliiona biashara ya kuwalia hela watu wasiojua magari.

Desemba 2019 tukatoka Dar saa kumi alfajiri, mama mkwe kiti cha mbele. Mpaka Ruaha Mbuyuni sina la kusimulia, tulinunua vitunguu. Halafu Kitonga. Wanaopita kule wanapajua: mlima upande huu, korongo upande ule, na mbele yako lori la mzigo linakwea kwa gia ya kwanza. Mwendo hakuna, kwa hiyo upepo wa kupoza rejeta nao hakuna, na turbo inahema. Mshale wa joto ulikuwa katikati. Kona iliyofuata bado katikati. Kisha ukapanda ghafla kama umeitwa. (Mishale ya Toyota hizi hukaa katikati hata joto likipanda kiasi. Ukiuona unahama, umechelewa.)

Mama mkwe akauliza taratibu, "Baba Neema, huo moshi ni wetu?"

Ningezima gari nikasubiri saa nzima, leo nisingekuwa na cha kuandika. Utingo wa lori akaja na dumu la maji. Nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, ukaruka, nikaungua mpaka kiwiko, na kwa uchungu huohuo nikamimina maji baridi kwenye injini inayotokota. Bloku ya 1KZ ni chuma lakini hedi, kile kichwa cha juu cha injini chenye vali, ni alumini. Nilisikia "ti", kama kikombe kimegonga sahani.

Hedi ilipasuka katikati ya vali mbili. Kwa spea na ufundi zilinitoka zaidi ya milioni tatu, pesa zilizokuwa za msingi wa nyumba. Mama mkwe alimalizia safari kwa basi. Mpaka leo akinipigia, kabla ya salamu haijaisha: "Na gari lako linaendeleaje?"

Fundi mmoja mzee pale Iringa ndiye aliyenifungua macho. Alipoimwaga rejeta likatoka tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi. Kutu na chokaa ya maji yangu ya bomba. Kisha akachukua thamostati mpya akanionyesha sahani yake ya chini. Maji yakipata moto, thamostati inafungua njia ya kwenda rejeta, na sahani ile inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, mkato unabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Ndiyo maana gari "linalopumua" linaendelea kuchemsha mlimani.

Sasa kulanti. Usinunue rangi, soma kopo. Nyekundu, kijani, pinki ni rangi tu, kila kiwanda kinatia yake. Kwa Toyota ya dizeli ya umri huu mimi natafuta iliyoandikwa inafaa alumini na magari ya Kijapani, yenye fosfeti na isiyo na silikati. Kama ni ya kuchanganya, weka nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Usijaze kulanti tupu ukidhani unaipendelea injini. Tupu inabeba joto vibaya kuliko maji. Kazi yake ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Usichanganye aina mbili, zinaweza kuganda. Na nasema tena, soma kopo.

Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliochoka badilisha. Kule Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayokuokoa. Feni nayo: injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume kwa kidole. Ikizunguka bila kubisha, klachi yake imekwisha.

Lakini ndugu zangu, tuseme ukweli. Mtu anafunga muziki wa laki nane, anaweka vioo vyeusi, anabandika aya ya Biblia nyuma, halafu kulanti anaionea bei! Unampandisha mama wa watu Kitonga kwa maji ya bomba! Soma kopo, ndugu yangu. Soma kopo.

Desemba iliyopita nilipanda Kitonga AC imewashwa, na geji ya joto ya pembeni niliyofunga haikuvuka nyuzi 95. Mama mkwe alikuwa nyuma, kimya. Sikusema kitu, ila nilipiga honi mara mbili pale kwenye kona yetu.

Yule wa Mbeya nilimjibu palepale foleni: usimruhusu. Jioni akaandika kwamba thamostati ilishatolewa tangu asubuhi. Nikamwambia aombe arudishiwe. Amesema fundi ameondoka nayo.