Kitabu Hakikuliwa na Mchwa

Mikindani, Mtwara
Mwezi wa Saba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mimi sijambo, ni mguu tu unanikaza asubuhi, jua likipanda unatulia. Shangazi yako anakusalimu, anasema kanga umpelekee za buluu.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Nikaona si wa kujibiwa kwa simu, maana kwenye simu utanikatiza, nami nitalia kabla sijamaliza. Uliuliza mambo mawili. La kwanza, mwanao amerudi likizo na habari kwamba bibi ana kitabu sandukuni, kimefungwa kwenye kanga kuukuu, na ndani yake kuna jina lako kwa kalamu ya risasi. Unataka kujua kama ndicho kile nilichokwambia mwaka 1991 kwamba kimeliwa na mchwa. La pili, mtoto hashikiki tena: riwaya za watoto za zamani asubuhi, riwaya usiku, hesabu zimeshuka, anaota theluji na hajui hata kuchimba ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nawe unaona vitabu vya Wazungu vinamtoa kwao. Je, umzuie?

Ndicho, mwanangu. Hakikuliwa na mchwa. Nilikuongopea.

Nianze na hilo, kwa kuwa jibu la mwanao limo humo humo.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, kama yeye sasa. Tulikuwa shambani Nanguruwe, msimu wa korosho, na mwalimu wako alikuwa amekupa Kisiwa chenye Hazina kuwa zawadi ya kushika namba moja. Nilikuacha kibandani uangalie korosho zilizoanikwa kwenye mikeka, wingu likitanda uzikusanye. Mimi nilikuwa ng'ambo ya shamba naokota. Mvua ilitangulia na ngurumo, ikaja upepo, ndipo ikashuka. Nilikimbia nikijua mtoto ameshazifunika. Nilipofika, korosho za siku nne zinaogelea, na wewe umekaa chini ya paa la makuti, magoti yamekunjwa, kitabu usoni. Hukuisikia hata ngurumo.

Nilikupiga. Nilikunyang'anya kitabu. Wiki ile karani wa mizani alitia mkono kwenye gunia, akazishusha daraja la pili, na baba yako, Mungu amrehemu, hakusema neno njia nzima ya kurudi. Ulipokidai kitabu chako nikasema nilikiweka ghalani, mchwa wamekila. Ulilia mpaka ukapata homa. Nakumbuka vizuri. Nilikaa pembeni yako nakukanda maji, na kitabu kipo mita tatu kutoka kichwani pako, chini ya magunia matupu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki hukijui.

Usiku mmoja nyote mmelala, nilikitoa. Nilitaka kujua ni kitu gani kinachoweza kumziba mtoto masikio hata radi asiisikie. Unajua mimi shule sikwenda. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tunakaa chini ya mwembe kila jioni, watoto mgongoni, tunaandika a, e, i, o, u. Vitabu vyetu vya kisomo vilikuwa vya kilimo na afya. Panda kwa mistari. Chemsha maji ya kunywa. Chimba choo mbali na kisima. Vilikuwa vizuri, vilitusaidia, sivibezi hata kidogo. Lakini hesabu mwenyewe: toka siku nilipojua kusoma mpaka usiku ule, karibu miaka ishirini, kila sentensi niliyokuwa nimeisoma, isipokuwa ya Mungu, ilikuwa inanituma kazi.

Kitabu chako hakikunituma kazi yoyote.

Nilisoma kwa kidole, neno moja moja, kibatari kikinitia masizi puani. Ukurasa mmoja, mwingine. Usiku wa pili ndio nikafika pale kijana Jim anapoingia ndani ya pipa la matufaha melini, anatafuta tunda, halafu anamsikia yule mpishi wa mguu mmoja akipanga na wenzake kuwaua watu. Mimi tufaha sikuwa nimewahi kuliona. Pipa lile kichwani mwangu lilijaa mabibo, matunda ya mkorosho, na lilinuka mabibo, ile harufu tamu ya kuchacha unayoijua. Nikawa nimo ndani. Nilibana pumzi! Baba yako akajigeuza kitandani, nikazima kibatari kama mwizi.

Na hapo ndipo palipokuwa pamekunjwa. Ulikuwa umefika hapo hapo mvua iliponyesha.

Nilikimaliza kwa wiki tatu. Kwa nini sikukurudishia? Kwa aibu, mwanangu. Ningewezaje kumpiga mtoto kwa sababu ya kitabu, kisha nimrudishie na macho mekundu kwa kukesha nacho? Nikasema nitampa akifunga shule. Ukafunga. Nikasema akifaulu. Ukafaulu, ukaenda bweni, ukarudi mtu mzima unaongea habari nyingine. Uongo wa mchwa ulikuwa umeshaota mizizi. Nikakihamisha toka ghalani kwenda sandukuni, na kila nyumba ikikarabatiwa nilihama nacho. Naomba unisamehe. Siombi kwa desturi ya barua. Naomba kweli.

Sasa mwanao.

Nikuambie alivyokuwa hapa mwezi mmoja ule, kwani nadhani wewe unaona mtoto aliyejifungia chumbani, na mimi niliona mwingine. Ni kweli aliunguza kisamvu. Nilimwachia chungu akikoroge, nikaenda kwa jirani, nikarudi naona moshi, yeye yuko na Heidi, yule msichana wa kitabuni, wa milimani Uswisi. Nilicheka kwanza, nikakumbuka, nikakaa chini. Sikumpiga. Tuliwekeana sharti: motoni hakuna kitabu, na mezani hakuna kitabu. Kwingine kote ruhusa. Alilishika mpaka siku anaondoka. Na wewe weka lako la hesabu, kwanza daftari kisha hadithi, uone. Hilo halihitaji barua ndefu.

Lakini hilo la kwamba vitabu vya Wazungu vinamtoa kwao, hapo nakukatalia.

Unakumbuka aliporudi huko, begi lake limejaa makombo, ukadhani ni uchafu wa safarini? Zilikuwa skonzi. Skonzi sita alizinunua kwa fedha yako ya njiani, akazificha katikati ya nguo, toka Dar, Kibiti, Daraja la Mkapa, Lindi, mpaka hapa zimebanwa kama chapati. Alinipa zote bila maelezo, akaniambia "kula Bibi, ni laini." Nikala. Siku ya tatu usiku ndipo akanisimulia Heidi, anasoma Kiingereza kimya, anainua macho, ananipa kwa Kiswahili. Kumbe yule msichana alichukuliwa kwa babu yake mlimani, akapelekwa mji wa Frankfurt kwa matajiri, na huko kila siku anapewa mkate mweupe. Hauli wote. Anauficha kabatini, kwa sababu kijijini kwao kuna bibi kipofu, na mkate wa kule ni mweusi, mgumu, hawezi kuutafuna. Mtunza nyumba akalifungua kabati akaamuru mikate yote itupwe, mtoto akalia sana. Nilimtazama mjukuu wangu na taa ya simu. Mimi nina meno saba. Kitabu cha mwaka 1880, cha mama mmoja wa Uswisi aitwaye Johanna Spyri, ndicho kilichomtuma mtoto wako wa Dar es Salaam akumbuke fizi zangu. Halafu unaniambia kinamtoa kwao?

Na Heidi huyo alichelewa kusoma, alidhani hataweza kamwe. Aliyempa moyo ni bibi wa rafiki yake. Akirudi mlimani, anamsomea yule kipofu. Hapo nilimwambia mtoto anyamaze kidogo.

Yapo mengi hata siyamalizi. Alinieleza habari ya yule mwanasesere wa mbao, Pinocchio, kwamba ilianza kutoka kidogo kidogo kwenye gazeti la watoto huko Italia mwaka 1881, na mwandishi akaimaliza kwa kumnyonga mwanasesere juu ya mti. Basi! Watoto waliosoma wakakataa, wakadai iendelee, ikabidi amfufue. Nikamwambia hata sisi kwa bibi yangu, akisema hadithi yangu imeishia hapo, tulikuwa hatutoki jikoni. Tunaanza upya, "Paukwa!", mpaka achoke yeye. Akaniuliza kama bibi yangu aliwahi kuandikwa. Hapana. Sasa ana daftari ambalo ameanza kuniandika mimi. Hujaliona kwa sababu hajakuonyesha, usimwambie nimesema.

La kukupa wasiwasi liko moja, na ulikuwa na haki. Alikuja na kitabu cha mtumba, kile cha Daktari Dolittle anayesema na wanyama, cha mwaka 1920. Alikipenda mno, kasuku na bata na nguruwe wote wakaingia nyumbani humu. Halafu wakafika Afrika. Kuna mwana wa mfalme, mtu mweusi, anamwomba daktari ambadilishe uso uwe mweupe ili binti wa hadithi amkubali. Mtoto alikifunga kitabu taratibu. Akaniuliza: "Bibi, daktari amejifunza lugha ya kila mnyama. Kwa nini huyu hakuulizwa vizuri?" Shangazi yako akatafuta kwenye simu, akasoma kwamba kuanzia 1988 wachapishaji walikirekebisha na sehemu ile wakaibadilisha. Hiki cha mtumba ni cha kale. Mimi sikukificha. Nimeshaficha kitabu kimoja maishani, kinatosha. Tulikaa barazani tukazungumza mpaka adhana ya Isha, kuhusu biashara ya watumwa iliyopita kwenye ghuba hii hii tunayoitazama, na jinsi mtu anavyoweza kuandika kwa upendo juu ya bata na asimwone binadamu mwenzake. Asubuhi nikakuta ameandika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi: Si kweli. Kisha akaendelea kusoma. Kwa hiyo usimzuie, ila usimwache peke yake na hivi vitabu. Ukaribu wako ndio anaoutaka.

Nilimpa na mimi changu, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Nilihofu Kiswahili chake kitamshinda. Alipofika pale Adili anapowachapa manyani wawili kila usiku huku analia, na hatujui ni kwa nini, alinifuata chooni, mwanangu, akasimama nje ya mlango ananiuliza maana ya neno. Siku mbili amekimaliza. Huko Dar mko na Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu mwaka 1967. Mpeleke Jumamosi, mkatie kadi, mwache achague, vitabu vya huku na vya huko.

Kuna kitu amekiacha nami nimekibandika ukutani. Ni ramani. Aliniambia yule Stevenson, aliyeandika Kisiwa chenye Hazina, alianza kwa ramani tu, mwaka 1881, alikuwa likizo Uskoti na mtoto wa mkewe, wakachora kisiwa kwa rangi, na kutoka kwenye kile kisiwa kikatoka kitabu kizima. Basi naye kachora Mikindani nyuma ya stakabadhi yangu ya korosho ya mwaka jana. Ghuba ipo, Boma lipo, mikoko, ngalawa tatu, nyumba yangu na mti wa mbuyu, na chini ya mbuyu alama ya msalaba kwa wino mwekundu. Nimemwuliza kuna nini pale. Anasema nisubiri Desemba.

Kifurushi nimekipakia kwenye basi la kesho alfajiri, kondakta ni mtoto wa jirani, mfuate Temeke. Kuna korosho za kubangua kwa mkono, ming'oko niliyoichemsha nusu ili isiharibike, mjukuu akaijue, na chini kabisa, ndani ya kanga ile ile, kitabu chako. Ulisema hukukitafuta tena kokote, kwa hiyo mwisho wake sikuambii. Kisomeni pamoja, yeye ana haraka kuliko wewe, mzuie asikutangulie.

Ukurasa wako bado umekunjwa. Nimeusoma mara nyingi, kila mara naukunjua na kuukunja tena kwenye mkunjo ule ule. Pembeni, chini, kuna alama ya kidole chako cha gumba, kidogo, rangi ya kahawia. Ulikuwa unakula bibo.

Mimi mama yako