Saa ya Atomu na Baridi ya Njombe

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika sekondari moja mkoani Njombe. Nimesoma kwamba zipo saa za atomu zenye ukubwa wa kiberiti, zinazotumia betri, lakini ndani yake mna hita inayowaka muda wote. Kwa nini kifaa kidogo hivyo kipashwe moto? Na kwa baridi yetu ya mwezi wa saba, je, kukizungushia sponji hakutaokoa betri?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Ndugu Mwalimu, moyo wa saa hiyo ni kijichumba kilichochongwa katika silikoni na kuzibwa kwa kioo pande mbili, nacho kina metali ya sesiamu au rubidiamu, ambayo mvuke wake humulikwa kwa leza. Sesiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 28, lakini kuyeyuka hakutoshi: katika kijichumba cha milimita moja au mbili, mwanga ungepita bila kukutana na atomu za kutosha. Ndiyo maana hupashwa hadi karibu nyuzijoto 90. Ipo sababu ya pili, ambayo wengi huiruka. Hita huongeza joto tu, haipozi. Hivyo kiwango chake sharti kizidi joto kali kabisa la mahali kifaa kitakapotumika, ama sivyo marudio ya atomu, yaani mapigo yake ambayo saa huyahesabu, yatayumba pamoja na hali ya hewa.

Kuhusu sponji, wape wanafunzi wako hesabu hii. Kijichumba chenye nyuzijoto 90 kikitenganishwa na ganda lenye nyuzijoto 20 kwa milimita moja ya hewa tulivu, kila sentimita ya mraba hupoteza karibu miliwati 200, ilhali saa ya namna hii iliyoingia sokoni mwaka 2011 hutumia miliwati 120 hivi kwa kazi zake zote. Sponji nayo kwa sehemu kubwa ni hewa iliyonaswa, kwa hiyo katika nafasi hiyo haisaidii. Dawa ni ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kama kwenye chupa ya chai: kijichumba huning'inizwa kwa mikanda myembamba ya plastiki iitwayo poliimidi, na nyaya zenyewe huchapwa juu ya mikanda hiyo zikiwa nyembamba mno, kwa sababu waya mnene wa shaba ungevujisha joto lote lililookolewa. Hapo hubaki mnururisho, yaani joto linalotoka kama mionzi, ambao kwa uso mweusi ungefikia miliwati 57 kwa sentimita ya mraba, lakini hupungua sana uso ukipakwa dhahabu. Kwa mpango huo hita hutosheka na miliwati 10 hivi.

Vipimasumaku vya atomu, yaani vifaa vya kupima nguvu ya sumaku kwa kijichumba kama hicho, vina taabu zaidi, maana mkondo wa umeme wa hita huzalisha sumaku yake na kuharibu kipimo. Wahandisi hulaza nyaya mbili sambamba zenye mikondo inayopingana ili sumaku zake zifutane, au hupasha kwa leza.

Sponji yako, basi, ivalishe betri, kwa kuwa hiyo ndiyo inayodhoofika kwa baridi.