Acheni miche kwanza, fuateni maji

Mvua zikikaribia, vijana wa vijiji vya Kaliua na Uvinza hunipigia simu wakitaka niwatafutie miche ya kurudishia mbuga yao, yaani bonde lao la maji na mafunjo. Jibu langu huwaudhi: miche baadaye. Kwanza nendeni mkaone maji yanaingilia wapi na yanatorokea wapi.

Mbuga zetu hazitegemei mvua ya juu yake peke yake. Mito ya Malagarasi, Moyowosi, Kigosi na Ugalla hufurika masika, maji yakatanda kwenye mafunjo, yakaacha tope lake humo, kisha yakateremka polepole hadi Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hii ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na ina zaidi ya hekta milioni 3. Wageni huijia kwa ajili ya ndege aitwaye korongo nyangumi. Sisi tunaijua kwa kambale, perege na majani ya ng'ombe kiangazi.

Adui ninayemkuta mara nyingi ni mfereji. Mtu anataka kulima mahindi pembeni ya mbuga, anachimba kamfereji ka kupunguza maji. Mafuriko yakipita humo yanakachimba zaidi, na baada ya misimu michache kamfereji kamekuwa kirefu kuliko mtu. Maji ya chini ya ardhi yanashuka, mafunjo yanakauka, na moto wa mwisho wa kiangazi unaingia hadi kwenye mizizi. Hapo hata ukipanda nini, unapanda juu ya majivu.

Kwa hiyo zibeni mifereji. Anzeni upande wa juu, maji yanakotoka, mkishuka. Wekeni vizuizi vidogo vingi vya viroba vya udongo na fito. Kizuizi kimoja kikubwa hubomoka usiku mmoja wa mvua. Maji yapate pa kumwagikia pembeni, kwenye majani, yasipite juu ya kizuizi na kukitafuna. Mafunjo yenyewe hamna haja ya kuyapanda kama mizizi bado ipo.

Kazi ngumu ni kuzungumza na mwenye mahindi. Usiende na mgambo. Mwambie, “Kaka, hapa panataka mpunga,” na umsaidie kutengeneza majaruba, vishamba vya mpunga vyenye kingo za kushika maji, pembezoni, panapokauka kila mwaka, si katikati ya mafunjo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini kijijini mita 60 ni maneno tu hadi serikali ya kijiji ipime kwa kamba na kuweka alama. Wafugaji nao waachieni njia ya kufika majini. Nimeona katazo la jumla likivunjwa kabla wino haujakauka.

Huko Iraki, serikali ilikausha sehemu kubwa ya vinamasi vya matete kusini mwa nchi miaka ya 1990 kwa kujenga kingo. Mwaka 2003 wenyeji walizibomoa, maji yakaingia, na matete yakarudi yenyewe katika maeneo mengi. Ila maji yao hutoka nchi za juu zenye mabwawa makubwa, hivyo mto ukipungua hawana la kufanya. Malagarasi nao huanzia mpakani na Burundi. Mwenyekiti wenu asipofahamiana na wenzake wa vijiji vya juu, viroba vyenu havitoshi.

Mikaratusi msiilete kabisa karibu na mbuga, hata ikiwa ya bure, inakunywa mno. Na miche mingine mkiipata, ipelekeni kwenye miinuko, kwa wakulima wa tumbaku, maana mabani yao ya kukaushia tumbaku kwa kuni ndiyo yanayokula misitu ya miombo, na udongo wa miinuko hiyo ikibaki bila miti ndio unaojaa kwenye mbuga yenu.